Karatasi za mazoezi nilizonunua mtandaoni: herufi safi, hesabu zimekatwa

Nilinunua furushi la karatasi za mazoezi, za kuandika na za hesabu, kwa ajili ya mwanangu wa gredi ya pili. Unalipa kwa M-Pesa, faili linakuja kwa WhatsApp, kuprinti ni juu yako. Kwetu Lamu maana yake ni kushuka hadi saiba na kulipia kila ukurasa unaotoka, uwe mzuri au mbovu.

Jumla za tarakimu mbili zimepangwa safu tatu, na safu ya kulia yote ilitoka imekatwa. Palipotakiwa 47 na chini yake 38, karatasi ilibaki na 4 na 3, na kipande cha ile 7 kama kijiti ukingoni. Mwanangu akaandika 7. Ukurasa wa majibu unasema 85. Akaniangalia, machozi yanamlengalenga: "Mama, kwani nne na tatu si saba?" Mtoto amejibu sawasawa alichokiona, halafu karatasi inamwambia amekosa! Yamekatwa mamoja, tena kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anafundishwa makumi na mamoja.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu: dada yangu, kurasa za hesabu zimekatika, nikamtumia na picha. Jibu lake: "Madam, wateja wengine hawalalamiki. Labda hapo kwenu hamjui kuprinti." Hapo kwenu! Hakuuliza ukurasa gani, wala pole hakusema. Nilipomjibu, akasoma akanyamaza.

Kijana wa saiba, Mungu ambariki, ndiye aliyegundua. Faili limepangwa kwa karatasi ya Kimarekani, ile ya letter, yenye upana wa milimita 216. Sisi huku tunatumia A4, upana wake 210, na printa nayo haifiki ukingoni kabisa. Akabana ukurasa uingie wote, zikatoka nzima. Basi nikasema moyoni, si mbaya, yamekwisha. Lakini nilipokuwa nalipia kurasa zilezile mara ya pili hasira ikarudi upya. Mstari mmoja tu wa maelezo ungetosha! Anajua anawauzia Wakenya, na Kenya nzima inaprinti A4.

Tena baadaye nikafika ukurasa wa pesa nikakuta sarafu za Marekani, na ile ya senti 25. Mtoto wangu anaijua shilingi tano yenye kifaru na kumi yenye simba, ndizo anazopewa akitumwa dukani. Senti 25 ataihesabia wapi? Nikaichana, nikamwagia sarafu za kweli mkekani, akahesabu vizuri tu.

Sasa haki ya mtu nisiidhulumu: kurasa za herufi ni nzuri sana, na hizo inaonekana kazitengeneza mwenyewe kwa Kiswahili. Zina ng' ya ng'ombe, dh ya dhahabu, gh ya ghala, herufi za nukta nukta za kupitishia penseli, na kishale kinachoonyesha mkono uanzie wapi. Kishale hicho ndicho kilichomsaidia mwanangu. Asubuhi shuleni anaandika kutoka kushoto, jioni chuoni, yaani madrasa, anaandika Kiarabu kutoka kulia, na b na d zilikuwa zinamgeukia kila mara. Siku hizi anaweka ncha ya penseli kwenye kishale, anatulia kidogo, ndipo anavuta. Zimenyooka. Nilipoona daftari lake nilifurahi mpaka nikamwonyesha bibi yake.

Kwa hiyo ninunue tena? Nilitaka kusema ndiyo, za kuandika peke yake. Lakini kila nikikumbuka lile "hapo kwenu" mkono unakataa. Mwenye kuzinunua amwambie mtu wa saiba abane ukurasa kabla hata karatasi ya kwanza haijatoka. Mimi namdai muuzaji pesa za kurasa za hesabu, na nimemwandikia tena leo.