Tatuu kabla ya usaili: leza au kisu?
Matangazo ya ajira za polisi hukataa alama za kuchorwa mwilini, ndiyo maana vijana wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wanaulizana: ufute au ukate? Leza, yaani mwanga mkali wa mashine, huvunja wino kidogo kidogo, mizunguko kadhaa, wiki 6 hadi 8 katikati, na nauli kila safari. Wino mweusi hutoka vizuri, kijani husumbua. Ngozi yetu inaweza kubaki na baka jeupe, kwa hiyo tafuta daktari wa ngozi, si saluni. Kisu, yaani daktari kukata ngozi yenye tatuu na kuishona, humaliza siku moja, ila huacha kovu. Herufi moja mkononi, kama ya mdogo wangu, inakatika. Mkono mzima hapana. Makovu yako huvimba? Kisu kiogope. Usaili ukiwa mwezi ujao, leza haitawahi. Na maji ya betri, jamani, msijaribu!