Mbu sugu: PBO au kunyamazisha jeni?

Pareto inayochumwa Mufindi na Mbeya Vijijini huua wadudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na dawa nyingi za vyandarua zimetengenezwa kwa kuiga kemikali yake. Mbu sugu wengi huzivunjavunja dawa hizo kwa vimeng'enya vya P450. Utathibitishaje maabara kwamba ndivyo?

Njia ya kwanza ni piperonili butoksidi, yaani PBO, molekuli ndogo inayoing'ang'ania P450 isifanye kazi. Mbu hukaa kwenye karatasi yenye PBO ya asilimia 4 kwa saa 1, kisha kwenye karatasi ya dawa kwa saa 1 nyingine. Vifo huhesabiwa baada ya saa 24. Vikizidi vya mbu waliopewa dawa peke yake, jibu umelipata. Vifaa ni mirija, karatasi na pamba yenye maji ya sukari, basi. Tena PBO imeshatiwa kwenye vyandarua, na jaribio la Muleba, Kagera, lilionyesha vinakinga malaria kuliko vya kawaida. Dosari yake ni kwamba haichagui: huzuia P450 nyingi kwa mpigo, hata baadhi ya esterasi, kundi jingine la vimeng'enya.

Njia ya pili ni kunyamazisha jeni, yaani kuizuia isitengeneze kimeng'enya chake, kwa kumdunga mbu RNA ya nyuzi mbili; hii hulenga kimeng'enya kimoja tu. Ila mbu hudungwa mmoja mmoja kwa sindano ya kioo nyembamba mno, wengine hufia hapo hapo, halafu unasubiri siku kadhaa.

Kwa maabara ya Iringa yenye bajeti ya kubana, ningeanza na PBO. Sindano zije baadaye, mkishapata jeni mnayoishuku.