QCX-mini ya mita 40: miezi tano nayo hapa Lubumbashi

Bantu batatu bameshaniuliza mwezi huu kama kale karedio kangu kanafaa pesa yake, basi naandika mara moja kwa wote. Jibu: kanafaa. Nilikajenga mwenyewe mu komini ya Katuba, juu ya meza yenye tunaliaka bukari, na feri ya kusude, ile ya kushikanisha vipande na eteni ya moto, ya wati 30 na multimetri ya dola nane, sina osiloskopi, sina mashini ya kutoa signali, na mpaka leo kanatuma na kanapokea. Iyo ya kukosa vyombo vya kupimia njo sababu yangu kubwa ya kukasifu, nitairudilia chini.

Kwa wenye hawajue, QCX-mini ni redio ya kujenga mwenyewe, banakutumia bodi na vipande mu vifuko, weye unasude. Aliibuni Hans Summers wa kampuni QRP Labs, jina lake la hewa, lenye anajiitia akituma, ni G0UPL. QCX ya kwanza ilitoka 2017, aliichora juu ya vijana ba redio amateri benye balikutanika Uingereza mwaka ule, kila kijana ajenge yake, na mini ikafuata mwisho wa 2020. Inatuma Morse tu, zile nukta na mistari, sauti hapana, na bendi, kipande cha mawimbi chenye inafanyia kazi, ni moja yenye unachagua wakati wa kuagiza, yangu ni ya mita 40, karibu megahertzi 7. Nguvu ni wati tatu mpaka tano kufatana na batri. Ikiwa mu kesi yake ya alumini iko na milimita 95 kwa 63 kwa 25, inaingia mu mfuko wa shati na batri unabeba mkononi.

Sasa hapa kwetu muntu akisikia neno redio ya kutuma anawaza foni, redio ya kusema na mdomo, ile ya paroisi na ya bafanya biashara ya zamani, wati mia moja, batri ya gari, na kupiga kelele mpaka jirani anajua bei ya mahindi ya Kamina. Kwa hiyo ukimuambia wati tano anaona unacheza. Miye pia niliwaza vile. Lakini piga hesabu: kutoka wati 100 kushuka mpaka 5 ni desibeli 13 (njo kipimo cha nguvu kupanda ao kushuka), na pointi moja ya S, kipimo cha redio cha vile signali inasikika, ni desibeli 6, maana yake mwenye kukusikia kule mbali anakuona umeshuka pointi mbili na kidogo, basi. Tena Morse inapita mahali sauti inakufia, juu nguvu yote inakaa mu kanjia kembamba, kichujo cha hii redio kinaacha hertzi 200 tu wakati sauti inaomba zaidi ya 2000, na ukipunguza upana unapunguza pia makelele yenye inaingia pamoja na muntu wako.

Kujenga kulinikamata siku sita za mangaribi. Vile vipande vidogo kabisa, vya kulala juu ya bodi, vinafika vimeshasudewa ku fabriki, kwa hiyo usiogope macho. Weye unabakia na vya miguu: makondensa makubwa, soketi, ekran, matransista, na toroidi, zile pete ndogo zenye unazungusha waya wa shaba. Kitabu chake ni kirefu, kila hatua na picha, kiko ku Kiingereza, na kimeandikwa na muntu mwenye anajua mahali utakosea. Sijaona paketi ingine yenye maelezo mazuri kupita hii.

Ila T1. Ukisikia bantu banalalamika juu ya QCX, ni T1. Hii ni toroidi ya mlango wa kupokea, iko na mizunguko minne ya waya juu ya pete moja, mitatu mifupi na mmoja mrefu, na yote lazima iende upande mmoja, ukigeuza moja tu imeharibika. Miye nilivuta vizuri, nikahesabu mara mbili, nikaweka, nikasude. Nikawasha. Ekran ikawaka bluu, nikafurahi sana, nikaingiza antena, hakuna kitu. Nikatoa antena, makelele ile ile. Niliingiza na kutoa mara kumi, haibadilike hata kidogo.

Na hapa njo nataka bantu basikie vizuri. Hii redio iko na vyombo vyake vya kupimia ndani. Iko na jenereta ya signali na kuna menyu ya kurekebisha: inajitumia signali yenyewe, inajisikiliza, inakuonyesha ku ekran signali iko na nguvu gani, weye unazungusha kiskurubu cha kondensa ndogo mpaka kipimo kinapanda juu kabisa. Yangu nilizungusha, kipimo kinalala chini, hakiamke. Basi redio yenyewe ilikuwa inaniambia shida iko mlangoni, haiko nyuma. Nikachukua multimetri, nikapima kila waya wa T1 kutoka mguu mpaka mguu. Mmoja ukakataa kulia.

Ilikuwa verni. Huu waya uko na ngozi nyembamba ya verni na eteni haishikane na verni, inazunguka tu, ku macho unaona imeshika, imengaa kabisa, lakini ndani hakuna njia. Feri yangu ya wati 30 ilikuwa haipashi vya kutosha kuiunguza. Nilitoa ule mguu, nikaukwangua na wembe mpaka shaba ikatoka nyekundu, nikapaka eteni kwanza mbele ya kurudisha ku bodi, nikawasha. Kipimo kikaruka. Nikaingiza antena, na ile kelele ya hewa, sawa mvua mbali, ikaingia mu ekutere ya masikio. Nilikaa pale nikisikiliza ile kelele tu dakika mingi.

Kwa hiyo shauri: waya yote kwangua mbele, usiamini moto peke yake. Ukivunja waya yako ao ukiishiwa, usiagize ingine inje. Miye nilienda kwa papa mmoja wa Kenya, komini ya Kenya hapa hapa, mwenye kubobina mamoteri, nikamuambia papa nahitaji waya mwembamba wenye verni, akaniuliza wa namna gani mwanangu, nikamuonyesha kipande, akakishika kati ya vidole bila kupima akakata mita kumi ku roli, elfu mbili ya franka. Ilikuwa upana ule ule. Muji wetu ni wa shaba, mafundi ba waya hatuwakosi.

Kitu kingine cha kuangalia ni matransista ya kutuma, BS170 tatu zimefungwa pamoja. Zinafanya kazi mu darasa E, maana yake zinafunguka na kufunga sawa mlango, hazibakii katikati, njo maana hazipate moto mingi na batri inakaa. Ila ni ndogo, na ukituma antena haiko ao imekatika, unaweza kuziua. Nilikufisha mbili mu wiki ya tatu, juu upepo ulikata mguu mmoja wa antena na sikuona. Nikazunguka mjini kutafuta BS170, hakuna, muntu mmoja wa duka la vipande akaniambia chukua 2N7000 ni kitu kimoja. Si kitu kimoja! Miguu yake imegeuka, mahali BS170 iko na mguu wa D hii iko na wa S, na haivumilie kuran sawa BS170, moja ni miliampea 500 ingine ni 200. Nilingojea rafiki mwenye anashukaka Lusaka kila mwezi aniletee, na zilipita Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, mu sanduku ya miwani.

Antena yangu ni waya ya kawaida, mita 10 na sentimita 13 kila upande, katikati nimeipandisha ku muti wa maembe, mita saba hivi, miguu inashuka sawa V iliyopinduka. Iko chini, najua, lakini kwa mita 40 antena ya chini inarusha mawimbi juu kabisa halafu yanarudi karibu, kwa Zambia inafaa sana. Kutoka mwezi wa kumi mpaka wa ine unaikata ku redio kila ukiona wingu jeusi, usingoje radi ya kwanza. Batri ni ile ya onduleri, volti 12 na ampea 7 kwa saa. Nilipima: kusikiliza tu inakula miliampea kama mia, kutuma kama nusu ampea. Unasikiliza siku nzima na usiku wake.

Na iko na kitu chenye sikukitegemea. Kuran ikikatika mu kartie, redio inakuwa ingine. Siku kuran iko, sharja za simu, ampuli za LED, televizyo za bajirani, yote inapiga makelele mu mita 40, pointi sita, saba ya S, na muntu wa wati tano wa mbali amezama ndani. Halafu pap, kartie yote giza, bantu banasema aaah mu njia, na mu ekutere makelele inashuka sawa muntu amefunga dirisha, na chini yake kuna stesheni zilikuwa pale wakati yote. Sasa mke wangu akisikia kuran imekatika anajua nitatoka na batri ku veranda.

Ni usiku wa namna iyo nilipata Afrika Kusini mara ya kwanza, ku megahertzi 7.030, mahali pa kukutania benye nguvu kidogo. Ufunguo wa Morse haumo mu paketi, wangu nilitengeneza na kipande cha wembe wa msumeno wa chuma, vibao viwili na skurubu za kabati, redio yenyewe njo inapanga vipimo vya nukta na mistari. Muzee wangu mukwe alikuwa pembeni, yeye alitumikaka ku mawasiliano ya reli, Morse iko ndani yake mpaka leo. Niliita mara ine. Mara ya tano muntu akajibu, polepole, akanipa 559, njo alama za vile ananisikia, alikuwa upande wa Johannesburg, kilomita kama 1600. Mkono wangu ukaanza kukimbia. Muzee akanigusa bega, “mwana, acha nafasi kati ya maneno, akupate.” Nikaacha nafasi. Akanipata yote, jina, muji, wati ine. Redio iko na kisomeo cha Morse chenye kinaandika herufi ku ekran, lakini usiku ule kilikuwa kinasoma nusu nusu juu ya radi za mbali, muzee aliandika vizuri kukipita, na penseli, mgongoni mwa kaye ya mutoto.

Inafanya pia WSPR, ile njia ya Joe Taylor, mwenye alipata Nobel ya fizika 1993: redio inatuma jina lako la hewa, mahali na nguvu, taratibu, karibu dakika mbili, na masini za wenyewe kule mbali zinaandika ku intaneti zimekusikia. Saa ya redio niliipanga na ya simu. Asubuhi nikakuta Afrika Kusini mingi na Visiwa vya Kanari mara mbili. Kwa kujua kama antena yako inafanya kazi hakuna njia bora, na haikuombe kumusumbua muntu.

Mabaya sasa. Ekutere tu, spika haimo. Kibonyezo cha kuzungushia frikwensi ni kidogo kwa vidole vyangu na menyu ni ndefu, wiki mbili za kwanza unapotea ndani yake. Bendi moja ni bendi moja, mchana katikati mita 40 inalala na huna pa kuhamia. Kufika kwake njo kulinichosha kabisa: bei ya kutoka ilikuwa dola 55 bila kesi, miye nyuma ya kesi, usafiri na ile ya kutolea mzigo nilifika 131, na mzigo ulilala wiki tano mahali moja bila muntu kunipigia simu. Ukiwa na ndugu Lusaka ao Afrika Kusini, pitishia kwake.

Na karatasi. Kusikiliza ni kusikiliza, lakini usibonyeze ufunguo bila ruhusa ya ARPTC, ile ya serikali yenye inasimamia mawasiliano, na jina lako la hewa la 9Q, herufi za mwanzo za Kongo yetu. Mu nchi yetu muntu akikuta waya ku muti na kasanduku kanalia ti-ti-ta, ataita bantu mbele ya kuuliza, na karatasi mkononi inakuokolea redio na usiku wako. Nilienda pia kumuonyesha shefu wa avenyu, nikamuwekea ekutere mu masikio, sasa yeye mwenyewe anaeleza bajirani.

Ukiagiza, ongeza hapo hapo BS170 sita na waya ya toroidi kidogo, ni dola chache mu bahasha ile ile. Na kama feri yako ni ya wati 30 sawa yangu, tafuta ya 60 mbele ya kufungua kifuko cha T1.