Chakula kinachojipasha moto chenyewe: nimejaribu boksi za Wachina za Kilimani

Wacha nianze na bei kwa sababu najua ndiyo mtauliza kwanza. Boksi ya wali na nyama ni shilingi 850, ile ya tambi za pilipili ni 1,100, na hapo hujanunua hata soda. Hizi ni zile boksi za plastiki nyeusi ambazo chakula kinajipasha moto chenyewe, bila stima, bila gesi, bila makaa, zinauzwa kwa duka moja la Wachina huku Kilimani, Nairobi, lile duka ambalo nusu ya vitu havina herufi unayoweza kusoma na ni dada wa kaunta anakuelezea hii ni nini na ile ni ya nini. Nimekula ofisini, nimekula nyumbani, na nyingine nikapanda nayo Vilima vya Ngong, kwa hivyo hapa siongei vitu vya kusikia.

Matumizi ni rahisi. Kuna trei mbili, unaweka kale kamfuko kagumu kwa trei ya chini, unamwaga maji baridi ya mfereji hadi kwenye mstari, unarudisha trei ya chakula juu yake, unafunika, unaangalia katundu ka mfuniko kasiwe kameziba, basi unangoja. Hata dakika haiishi maji yanaanza kuchemka kwa kelele, boksi inatetemeka na mvuke unatoka kwa katundu kwa fujo kabisa. Mlinzi wa jengo letu alisimama mlangoni akauliza, "Bosi, hiyo ni jiko ama ni nini?" Nikamwambia ni lunchi. "Lunchi gani hiyo inanguruma?" Hakurudi karibu mpaka kelele ikaisha.

Robo saa hivi na wali ulikuwa moto mpaka katikati, moto wa kuunguza ulimi, si ule uvuguvugu wa maikrowevu ya ofisi ambayo kila mtu anaipigania saa saba.

Siri iko kwa ule mfuko. Ndani ni chokaa ambayo haijazimwa, imechanganywa na unga wa alumini na vitu vingine vidogo vidogo. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa hii, ukichoma matumbawe ukapata chokaa halafu uimwagie maji kuizima, inatoa joto la kuchemsha, na hapa ni mambo yale yale isipokuwa yamefungwa kwa kitambaa. Kilo moja ya chokaa hiyo ikikutana na maji inatoa kama kilojuli 1,150 za joto. Kupasha nusu kilo ya chakula kutoka baridi ya asubuhi ya Julai mpaka moto wa kulika unahitaji kama kilojuli 100, sasa piga hesabu, hiyo ni karibu gramu 90 za chokaa na hapo hujatoa joto linalopotea hewani. Ndiyo maana wanaongeza alumini, kwa sababu ikiingia kwa maji ya chokaa nayo inatoa joto lake, na gramu kwa gramu ni jingi kuliko la chokaa. Shida ni kwamba inatoa pia hidrojeni, ambayo ni gesi ya kushika moto, kwa hivyo mvutaji sigara kaa mbali na hii kitu na usijaribu kupanda nayo ndege.

Halafu kuna jambo la mwinuko. Nairobi tuko juu ya mita 1,600, maji yetu yanachemka kwa nyuzi kama 94, haifiki 100, na mvuke wa boksi hauwezi kuzidi hapo. Kwa wali uliokwisha pikwa kiwandani hiyo inatosha na inabaki. Lakini ile boksi ya tambi ina vipande vya viazi na mizizi ya yungiyungi ambavyo vilibaki vigumu kidogo hapa hapa mjini, sasa mwenye mpango wa kuipeleka Point Lenana kule Mlima Kenya, mita 4,985, ambako maji yanachemka kwa nyuzi 84 hivi, abebe wali aache tambi.

Kitu chenyewe si kipya na wala Wachina si wa kwanza. Makopo ya kujipasha yalikuwepo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ya wapanda milima na wasafiri wa nchi za barafu. Lakini aliyeyatumia kwa wingi ni mwanajeshi, na ukifikiria utaona ni kwa nini. Askari aliye karibu na adui hawezi kuwasha moto, mchana moshi unamfichua, usiku mwali unamfichua zaidi, na bado anahitaji kitu cha moto tumboni. Kwa hivyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Heinz ikishirikiana na ile ya kemikali ya ICI walitengenezea jeshi la Uingereza mkebe wa supu wenye bomba jembamba katikati, limeshuka ndani ya supu yenyewe, limejazwa kemikali ya kuungua taratibu na utambi juu yake. Unatoboa matundu mawili kwa mfuniko, unagusisha sigara yako kwa utambi, dakika nne au tano supu iko tayari. Kulikuwa na ya mkia wa ng'ombe, ya figo, ya njegere, kulikuwa na kakao, na kulikuwa hata na ile supu ya Waingereza ya "kasa" ambayo kasa hakuwahi kuingia ndani. Juni 1944 walishuka nayo fukwe za Normandy. Hebu fikiria kijana amekaa kwa mashua usiku kucha anatapika, amelowa mpaka kwa mifupa, halafu anashika mkebe unaochemka mkononi na hakuna jiko popote. Kwa huyo hata figo ni pilau.

Ila ule mkebe ulikuwa na tabia mbaya. Ukisahau kutoboa matundu mvuke hauna pa kutokea, unalipuka, na supu ya moto inaenda kwa uso wa aliye karibu. Halafu bomba linakula nafasi, unabeba chuma kizito na supu si nyingi kivile.

Wamarekani ndio walipata njia nzuri zaidi kwa maoni yangu. Mwaka 1981 walianza kuacha mikebe wakaenda kwa vifurushi vya MRE (Meal, Ready-to-Eat, yaani mlo ulio tayari kuliwa), chakula kwa mfuko laini, mwepesi, lakini mwanzoni wengi walikuwa wanakula baridi hivyo hivyo. Miaka ya 1990, baada ya Vita vya Ghuba, ndipo kila kifurushi kikaanza kuja na kipashio chake, kabamba kadogo ka unga wa magnesiamu na chuma na chumvi. Unakaweka kwa mfuko pamoja na chakula, unaongeza maji kidogo tu, na ndani ya dakika 12 gramu 227 za chakula zinapanda nyuzi 56 hivi. Magnesiamu inatoa joto zaidi ya mara kumi ya chokaa kwa uzito ule ule, na kwa mtu anayebeba kila kitu mgongoni hiyo si hesabu ndogo. Na maelezo yake yana mchoro unaokwambia uegemeze mfuko kwa jiwe au kitu kingine, imeandikwa hivyo hivyo, jiwe au kitu. Serikali ikiandika maelezo namna hiyo napenda sana.

Angalia walichofanya hapo: walitoa moto ndani ya kopo. Chakula kivyake, joto kivyake, vinakutana ukiamua wewe. Raia walioendelea kung'ang'ana na kopo lenyewe waliumia. Mwaka 2001 Nestlé walijaribu Uingereza kopo la Nescafé la kubonyeza chini, maji yanashuka kwa chokaa, kahawa inapata moto, lakini joto lilikuwa linapanda nyuzi 40 hivi, kwa hivyo siku ya baridi kali, yaani siku yenyewe ambayo unataka kahawa, ilikuwa inatoka vuguvugu, na 2002 wakaiondoa. Marekani nako mwaka 2005 kukaja latte ya kopo yenye jina la mpishi Wolfgang Puck, 2006 ikatolewa madukani kwa sababu makopo yalikuwa na hitilafu. Hizi boksi za Kilimani zimerudi kwa akili ya MRE ingawa zinatumia chokaa, na ndiyo maana zinafanya kazi. Mfuniko una tundu, wewe ndiye unamwaga maji, na hakuna kitu kimefungiwa kingoje kulipuka.

Sasa ladha, maana hamkuja hapa kusoma vita. Wali ni sawa tu, nyama ni vipande unavyoweza kuhesabu, mchuzi una chumvi nyingi lakini unaenda. Tambi zinateleza kama mrenda na pilipili yake ni ile ya kufa ganzi mdomo, mimi nilipenda, mwenzangu wa ofisini alikula nusu akaniachia. Kwa 1,100 mjini unakula nyama choma na ugali na kachumbari ukiwa umekaa, kwa hivyo mtu akiwa na jiko la gesi nyumbani asijidanganye, hii si chakula cha kila siku. Kule Ngong ndiko ilinifurahisha. Upepo ulikuwa unapuliza hata kibiriti hakishiki, jamaa wa kundi jingine wanahangaika na jiko la mkebe, mimi nimemwaga maji ya chupa nikakaa. Upepo uliiba joto kidogo mpaka nikaifunika na jaketi pembeni, nikiacha tundu wazi, ikamaliza vizuri.

Nyota nne kwa tano kwa wali, mbili na nusu kwa tambi.

Ukienda, shika ule mfuko wa chokaa kabla ya kulipa, unausikia kwa vidole kupitia plastiki ya juu. Uwe mgumu na punje punje. Ukiwa umefura ama umekuwa laini kama unga umeshakunywa unyevu wa hewa, hiyo chokaa imezimika pole pole yenyewe na chakula chako kitabaki baridi. Niliuliza dada wa kaunta kama zipo mpya akanitolea za nyuma ya duka bila maneno. Ukishakula uache mfuko upoe kabisa kabla ya kutupa, unabaki moto kwa muda mrefu kuliko unavyodhani na unaweza kutoboa mfuko wa taka. Ukichukua boksi tano za wali anakushushia hadi 750 moja.