Chokoleti nzito ya kunywa: ipi ununue, ipi uiache

Ukiagiza chokoleti pale San Ginés, mkahawa wa Madrid uliofunguliwa mwaka 1894, unaletewa kikombe na sahani ya churro, vile vijiti vya unga vilivyokaangwa kwenye mafuta. Unachovya, unatoa, na churro inatoka imevaa koti jeusi. Turin, Italia, huipanga chokoleti hiyo kwenye glasi pamoja na kahawa na krimu, wakaiita bicerin. Paris, kwenye mkahawa wa Angelina, inakuja na krimu pembeni, nzito kiasi kwamba wengi hawamalizi. Hiyo ndiyo tunayoitaka nyumbani, na mikebe mingi ya supermaketi yenye picha ya kikombe kinachofuka mvuke haitakufikisha huko.

Siri ni mafuta. Karibu nusu ya punje ya kakao ni siagi yake. Mwaka 1828, Amsterdam, Mholanzi Van Houten alipata hataza ya mashine ya kuikamua siagi hiyo, na makapi yake yakasagwa kuwa unga. Unga ni rahisi kukoroga, ila ule ulaini unaotanda mdomoni umeondoka na siagi. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei, geuza paketi usome viambato. Vinaandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia.

Namba moja kwangu, na sioni mshindani, ni chokoleti nyeusi ya kawaida ya kula, yenye kakao asilimia 60 hadi 70. Siagi ya kakao imo, sukari haijazidi, na hauhitaji kuagiza kitu chochote cha ajabu. Ile ya gramu 100 inatoa vikombe viwili. Kwa kikombe kimoja pasha mililita 200 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta hadi yaanze kuchemka pembeni mwa sufuria. Epua, tia gramu 50 za chokoleti uliyoikatakata, iache dakika moja, halafu koroga ukianzia katikati. Ukiitaka ya Kihispania hasa, loweka kijiko kidogo cha wanga wa mahindi kwenye maziwa baridi, mimina, rudisha kwenye moto mdogo na usiache kukoroga. (Wanga ni ule mweupe laini wa kuzitia uzito supu. Ukitia unga wa ugali utapata uji.) Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: njia ikibaki wazi, imeiva.

Kakao ya Kyela na Kilombero, na ya Bundibugyo kule Uganda, inasafirishwa nje kwa wingi, lakini wapo watengenezaji wadogo Dar es Salaam na Kampala wanaogeuza punje za kwetu kuwa chokoleti. Ukiipata, anza nayo. Jihadhari tu na chokoleti rahisi ya kupikia keki: ukiona mafuta ya mawese au ya mboga yametajwa badala ya siagi ya kakao, iache. Itakuachia utando wa mafuta juu ya kikombe.

Namba mbili ni kwa walioko Ulaya, au wenye ndugu anayekuja likizo: chokoleti ya Kihispania iliyoandikwa “a la taza”, yaani ya kikombe, kwa mfano ya kampuni ya Valor. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka iwe na kakao isiyopungua asilimia 35, na wanga au unga wa nafaka usiozidi asilimia 8. Maana yake wanga umo tayari, wewe unakoroga tu. Ikiwa imeandikwa “familiar”, wanga au unga huo unaruhusiwa kufika asilimia 18. Hiyo naiacha dukani.

Namba tatu, unga wa kakao mtupu usio na sukari. Ndio wa bei nafuu kuliko yote kwa ubora wake. Vijiko vikubwa viwili vilivyojaa, sukari kiasi unachopenda, maziwa kidogo ya moto upate rojo lisilo na mabonge, kisha maziwa mengine. Kwa kuwa mafuta yake mengi yamekamuliwa, yarudishe kwa vijiko viwili vya krimu.

Paketi za Kiitaliano za kuchemsha zinashika nafasi ya nne. Zinakuwa nzito haraka sana, lakini uzito ni wa wanga. Wageni wakifika ghafla, zinakuokoa.

Mwisho kabisa ni mkebe ulioandikwa drinking chocolate. Sukari inatangulia, kakao inafuata kwa mbali. Hata Ulaya sheria inaridhika unga wa kakao ukifika asilimia 25 tu. Watoto wanywe asubuhi, sina ugomvi, ila usiongeze vijiko ukidhani itakuwa nzito. Itazidi utamu tu. Milo sijaiweka kwenye orodha kwa sababu ni kinywaji cha kimea, mashindano haya si yake.

Jambo la duka, hasa kwa wakazi wa pwani: siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, basi chokoleti iliyopigwa na joto la rafuni hutoka ukungu wa kijivu. Mara nyingi huo ni mafuta yaliyopanda juu, si kuvu. Kwa kula haipendezi, ila kwenye sufuria itayeyuka upya na hutaona tofauti. Ikiwa tarehe haijapita na muuzaji anaipunguza bei, chukua mbili.