Kontra ya SAFE: tumeitumia mara tatu hapa Lubumbashi, haya njo maoni yangu

Bandugu, naandika hii kabla mwingine hajasaini SAFE, kontra ya kupewa pesa leo na kuilipa kwa hisa za kampuni baadaye, bila kuhesabu. Tuko wawili, mimi na rafiki yangu wa tangu shule, tulianzisha apu ya kusaidia wamama wanaouza unga wa mahindi mu Kenya na Katuba, komini za hapa Lubumbashi, waagize mifuko kwa pamoja toka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Franga ya kuanzia tuliitafuta kwa kontra ya SAFE, ile ya Y Combinator, kampuni ya Marekani inayosaidia kampuni changa kuanza. Unaipakua bure kwenye saiti yao, walianza kuitoa 2013, halafu 2018 wakaibadilisha, na hiyo ya 2018 njo tulitumia sisi.

Uzuri wake ni mwingi. Kurasa chache tu, jioni moja umemaliza kusoma. Sio deni, haina riba, haina tarehe ya kurudisha, mwekezaji anakupa pesa leo na hisa zake atazipata siku mwekezaji mkubwa atanunua hisa kwa bei iliyopangwa. Kwa watu kama sisi ambao banki inataka kwanza hati ya kiwanja kabla hata haijakusikiliza, ni kitu kikubwa sana. Na mwekezaji wa kwanza tulimaliza kwa siku nne, tulibishana jambo moja tu, kikomo cha thamani ya kampuni, yaani thamani ya juu kabisa inayotumika kuhesabu hisa zake: gawa pesa yake kwa kikomo, unapata asilimia yake.

Hapo kwenye kikomo njo nataka mnisikilize vizuri. Wa kwanza aliweka dola 50,000 kwa kikomo cha milioni 1, asilimia 5, tukafurahi. Franga ikaisha, wa pili, mtu wa fandi, yaani kampuni inayowekeza pesa za watu wengine, akaweka 40,000 kwa kikomo cha 800,000, asilimia 5 tena, na wa tatu aliona tumebanwa akashikilia kikomo cha 600,000, akaweka 60,000, hiyo ni asilimia 10. Kila mara tulihesabu ile moja iliyo mezani, basi. Siku mwekezaji mkubwa alipokuja kuomba asilimia 20 tulikaa kwenye depo, tukachana karatasi ya mfuko wa unga tukaandika nyuma kwa biki: 5 na 5 na 10, yaani 20 zimeshaondoka, tumebaki na 80, toa humo sehemu moja ya tano, 64, gawa mbili, 32 kila mtu. Rafiki yangu aliweka biki chini, hakusema kitu. Hakuna aliyetuibia, iliandikwa wazi: kwa SAFE ya 2018 wenye SAFE hawapunguzani wao kwa wao, kila moja mpya unayosaini inakula upande wa waanzilishi.

Shida ingine ni sheria. Imeandikwa kwa kampuni za Marekani, wana pia ya Kanada, ya Singapuri na ya Cayman, ya kwetu hakuna. Kongo iko mu OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na sisi tulikuwa SARL, aina ya kampuni ya kawaida ya wadogo, ambayo haiwezi kutoa hati za kugeuka hisa baadaye. Avoka, wakili wetu, alisoma akavua miwani, akasema "Papa, siku mtagombana hii karatasi itawasumbua wote." Akatugeuza SAS, aina ya kampuni ya hisa yenye kanuni nyepesi ambayo OHADA iliingiza 2014, akaandika upya kila kitu. Kwa hiyo ile bure ilitutoka pesa ya avoka na ya notere anayethibitisha hati, ipangeni mapema.

Na jambo moja zaidi, SAFE haimpi mwekezaji kura, haimpi kiti, haisemi hata lini umpe habari. Yule wa fandi alikuwa anapiga simu kila Jumatatu mpaka tukaanza kumkwepa, kumbe franga ile si yake, fandi kwa kawaida inaishi kama miaka 10 halafu wenye pesa wanataka zao. Alipotueleza hivyo tukaanza kumtumia WhatsApp kila tarehe 5: mifuko mingapi, pesa gani imebaki, nini imekwama. Simu zikapungua, na lori letu lilipokwama mpakani wiki nzima yeye njo alitutafutia deklaran mzuri, mtu wa kutoa mizigo forodhani.

Natoa nyota 4 juu ya 5. Na mwekezaji mkubwa bado hatujasaini, tumemwambia asilimia 15, anangoja hesabu ya mwezi huu, na ile karatasi ya mfuko tumeibandika ukutani juu ya meza.