Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi huku Temeke: nyota nne

Yaani nimeona niandike maana watu wengi bado wanaogopa kwenda polisi na wengine hata hawajui hii huduma ipo. Nilimsindikiza mpangaji mwenzangu, mmama ana mtoto mdogo, mume kampiga hadi jicho limevimba. Pale kaunta hali ilikuwa ngumu, askari wote wanaume, benchi limejaa watu wa kesi za bodaboda, anaulizwa kwa sauti "kwani ulimfanya nini" huku kila mtu katega sikio, mwenzangu akanyamaza kabisa akataka turudi nyumbani.

Alipopelekwa Dawati la Jinsia mambo yakawa mengine. Wana chumba chao, mlango unafungwa, yule WP, yaani askari wa kike, akatoa kiti chake nyuma ya meza akakaa naye ubavuni, mtoto akapewa karatasi na kalamu achorechore. Af mwenzangu ni mtu wa kusini, akiwa na uchungu Kiswahili kinamkimbia, kumbe afande naye kwao Mtwara, akamchomekea Kimakonde kidogo, hapo ndo maneno yakaanza kutoka, mengine hata mimi naeishi nae nyumba moja nilikuwa siyajui. Maelezo yakaandikwa, akasomewa, akasaini, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, tukaenda hospitali. Hatujatoa hata mia.

Sasa wanaosema askari wa kike wapo kwa ajili ya gwaride tu waje waone. Hawa wamama wana mtandao wao wa polisi wanawake, TPF Net, tangu 2007, na kwenye haya madawati wamekuwa mstari wa mbele sana, wapewe maua yao.

Nyota moja nimeibania kwa sababu usiku dawati limefungwa, unarudi kwenye kaunta ileile, na vipigo vingi vya ndani ni usiku jamani. WP wawekwe kaunta, wawekwe zamu ya usiku na doria, sio kuwarundika wote dawatini. Na dawatini napo awepo askari wa kiume mwenye utu, kuna wavulana wanafanyiwa ukatili na wanaume wanapigwa, wengine kumwambia mwanamke wanaona aibu wanaondoka nalo moyoni.

Mkienda nendeni mchana, PF3 ni bure, akitokea mtu anataka hela ombeni kumuona OCS, yule mkuu wa kituo. Kama ni mtoto anateswa na kituoni hamfiki, pigeni 116, hailipiwi.